Meza ya Kiingereza

Enesia, mama yangu,

Mambo ya sweta, nauli na vidonge vya kichefuchefu mama yako ameshayasema tangu juzi, na kama amesahau lolote atakupigia simu kabla basi halijatoka Makambako. Mimi sina maagizo. Umekwenda kuaga wanakwaya wenzako, nyumba imetulia, nami nimevuta kiti mezani niandike kabla hujarudi. Nikikuona usoni nitaanza kukuuliza habari za vyeti na picha za pasipoti, na hivyo ndivyo nilivyozungumza na wewe miaka yote.

Leo mchana ulitaka kuniambia kitu. Nilikuona. Ulisogeza maharage pembeni ya sahani, ukasema, "Baba, mimi naona..." Nikainua kichwa. Ukatazama dirishani, ukamalizia, "Naona mvua itanyesha."

Mvua ya wapi Njombe hii, mwezi wa tisa? Vumbi la barabarani limejaa mpaka kwenye majani ya mparachichi. Nilimfuata mama yako jikoni nikamuuliza mtoto ana nini. Hakugeuka hata kunitazama, aliendelea kumenya viazi. Akasema, "Muulize mwenyewe. Mdomo si unao?"

Mdomo ninao. Kazi yangu yote imekuwa ya mdomo. Ila nimekaa hapa nikafikiria kwa nini hukuimalizia sentensi ile, na jibu ninalijua, na wewe unalijua, hatujawahi kulisema. Basi nalisema mimi, kwa sababu mkubwa ni mimi na aliyeharibu ni mimi.

Nianzie Matembwe, nilikozaliwa. Huko nyumbani tulisema Kibena, Kiswahili tulikikuta shuleni, na Kiingereza tulikisikia siku wageni wa kanisa walipokuja kutoka Ulaya. Nilikuwa kidato cha pili walipokuja safari moja, na mchungaji akanisukuma mbele niwasalimie, maana mimi ndiye nilikuwa "msomi" wa kijiji. Mgeni mmoja, mama mwenye miwani, akaniuliza maisha ya kwetu yakoje. Nilitaka kumwambia ni ya kawaida, hayana makuu. Kichwani nikapata "rahisi." Na rahisi, kwa Kiingereza nilichokuwa nacho, nililijua lile la sokoni, la bei ya vitu. Nikamwambia, kwa sauti ya kujiamini kabisa, "Here life is cheap."

Wageni walitazamana. Mmoja akacheka, kisha akajizuia. Mwalimu wangu aliyekuwa pale akanivuta shati kwa nyuma. Nilipojua baadaye nimesema nini, kwamba nimewaambia watu wa mbali kuwa kwetu uhai wa mtu hauna thamani, nilitamani ardhi ipasuke. Mama yangu alikuwa amesimama pembeni na kikapu cha viazi vya kuwapa wageni zawadi. Aliniuliza kwa Kibena wanacheka nini. Nikamjibu, "Hamna." Nilimwona na kikapu chake na kanga yake iliyochanika pindo, nikamwonea aibu na yeye pia, mtu ambaye hakusema neno.

Siku ile niliapa kwamba mtoto wangu hatachekwa kwa neno. Kiapo hakikuwa kibaya. Ubaya ulikuwa kwenye namna nilivyokitekeleza.

Nikawa mwalimu wa Kiingereza, na wewe unajua nilikuwa mwalimu wa namna gani. Wanafunzi waliniita "Choose" kwa siri, wakidhani sisikii. Nilikuwa nawaandikia maneno yanayofanana ubaoni, look na see na watch, halafu namsimamisha mtoto na kumwambia, choose. Nilipenda kazi ile, sikufichi. Kiswahili kinatosheka na "nyumba" na "nyumbani," lakini kwa Kiingereza una house, una home, na mtu anaweza kuwa na moja akakosa nyingine. Alone ni kukaa peke yako tu, lonely ni pale peke yako panapouma. Niliwafundisha kwamba hear inakuja sikioni yenyewe hata ukiwa umelala, ila listen ni kazi, mtu anaifanya kwa kutaka. Kuna msichana alilieleza hilo vizuri kwenye mtihani nikampa alama zote, nikalipeleka daftari lake darasa la jirani wakalione. Halafu nikarudi nyumbani kwangu, na huko sikuifanya listen hata kidogo.

Shuleni tulikuwa na kibao, kama shule nyingi. Anayeongea Kiswahili au Kibena anakabidhiwa, naye anamvizia mwingine amkabidhi, na atakayekutwa nacho jioni anafagia. Mimi nikakileta kibao nyumbani. Nilikichonga mwenyewe kwa ubao wa paini uliobaki tulipopiga dari, nikachoma juu yake neno THINK kwa msumari wa moto. Sheria ukumbuke zilikuwa mbili: chakula cha jioni ni Kiingereza kitupu, na atakayekosea neno anawekewa kibao mbele ya sahani. Atakayebaki nacho mwisho wa chakula anaosha vyombo. Kaka yako alikuwa anafurahi, anakurushia wewe makosa yake. Mama yako alikuwa anakula kimya. Nikadhani anafikiria maneno.

Kisha babu yako akafariki, mama yangu akaja kukaa kwetu. Wewe una jina lake, ndiyo maana nakuita mama, na yeye alikuita wajina. Alikuwa anakula na sisi mezani. Hakujua neno la Kiingereza wala hakulalamika. Alikaa pale kwenye kiti cha pembeni, anatazama midomo yetu, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayetazama watu wakicheza bao asilolijua.

Jioni moja alisema kitu kwa Kibena. Nadhani alikuwa anaomba chumvi. Nami nilikuwa na furaha siku ile, nilikuwa na mzaha mdomoni, nikachukua kibao nikakiweka mbele ya sahani ya mama yangu. Kaka yako akacheka sana. Mimi pia nilicheka.

Mama akakipokea kwa mikono miwili. Unakumbuka? Akapiga goti kidogo, vile wanavyopokea wanawake wa kwetu, akashukuru. Alidhani nimempa kitu. Chakula kilipoisha akainuka, akakusanya vyombo, akaenda kuosha. Alikuwa ameshaona kwa siku nyingi kwamba mwenye kibao ndiye anaosha. Mama yako alikimbia kumnyang'anya masufuria, akakataa. Alisema, kwa Kibena, kwamba zamu ni zamu.

Asubuhi yake kibao hakikuonekana. Nikauliza. Mama akaniambia alikiweka chini ya chungu cha maharage, ulikuwa mti mkavu, umewaka vizuri. Alisema bila hasira, kama mtu anayesema habari ya kuni. Mpaka leo sijui kama alijua anachofanya. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilichonga kingine.

Kuanzia siku ile akawa anakula jikoni. Akasema mezani kuna baridi, kwenye moto mifupa yake inapata nafuu. Na ni kweli baridi ya huku unaijua, hata mimi nilijiambia ni baridi. Wewe ukawa unakula haraka haraka mezani ili ukakae naye. Nilikuwa nasikia mnavyocheka kule, Kibena kinamwagika, nikawa nasema moyoni mtoto huyu Kiingereza chake kitaharibika. Hayo ndiyo niliyokuwa nayaogopa.

Sasa naandika lile la tumbo. Nimelizunguka mpaka kalamu imechoka.

Ulikuwa darasa la nne. Ulikuja mezani umechelewa, hukukaa. Ukasimama karibu na kiti changu, mikono umeishika nyuma, ukasema, "Father, Grandmother she is paining."

Nilitakiwa kuinuka. Jiko liko hatua chache kutoka hapa nilipokaa. Badala yake nikatabasamu, maana nilipata somo. Nikakuambia, "Sit down. People do not pain. Is it a pain or an ache? Choose." Ukanitazama. Nikakueleza kwamba ache ni lile linalokaa, linalosaga polepole, la jino, la kichwa, la tumbo. Kwamba pain ni pana zaidi na mara nyingi ni kali. Kwamba hurt ni pale mtu alipoumizwa, hata moyoni. Mama yako akataka kuinuka, nikamwonyesha kwa mkono asubiri, mtoto anafikiri. Na kweli ulikuwa unafikiri, midomo inatikisika, jasho limekutoka puani usiku wa baridi vile. Mwishowe ukaipata. Ukasema, taratibu, neno kwa neno, "Grandmother has a stomachache."

Nikasema, "Very good."

Nikaendelea kula.

Enesia, mimi sina la kujitetea. Nimejaribu mara nyingi kujiambia kwamba sikuelewa, na si kweli, nilielewa kila neno. Sentensi ilikuwa safi, nikaipokea kama sentensi. Kwamba ndani yake kuna mama yangu anaumwa, hilo lilinipita. Mama yako alikwenda jikoni baadaye, mama akamwambia amejilaza tu, asisumbuliwe. Alfajiri tukamkuta amejikunja kwenye mkeka, hawezi kunyooka.

Tulimpeleka hospitali ya Ikonda, kwa gari la kukodi, barabara ya Makete unaijua ilivyo na kona. Alikushika mkono tangu nyumbani akagoma kuuachia, basi ukaenda na wewe, na sare za shule. Daktari aliongea nasi kwa Kiswahili kizuri tu. Aliniuliza maumivu yalianza lini. Nikamwangalia mama. Aliniuliza yakianza yanakaa wapi, yanapanda au yanashuka, akila inakuwaje, amekuwa akitapika? Nikasimama pale, mtu mzima na koti langu la ualimu.

Wewe ndiye uliyejibu. Ulisema yalianza tulipokuwa tunavuna mahindi, kwamba yanaanzia hapa kisha yanahamia huku, ukamwonyesha kwenye tumbo lako mwenyewe. Ulisema akila maharage ni mabaya, uji ni afadhali, na kwamba bibi alisema ni kama mtu anasokota nguo iliyoloa. Maneno mengine yalikushinda kwa Kiswahili ukayasema kwa Kibena, nesi mmoja akamweleza daktari. Hakuna aliyekusahihisha. Daktari alikuwa ameinama mpaka usawa wako.

Walimpasua siku ile ile, akapona. Tulipokuwa tumekaa kwenye benchi tukisubiri, nikakuambia, na nilikuwa mkali, "Kwa nini hukuniambia?"

Ukasema, "Nilikuambia, baba. Ukasema very good."

Waswahili husema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Kwangu yalikuja na mjukuu mwenyewe, amevaa sweta la shule, miguu haifiki chini. Na nilifanya nini? Sikukuomba radhi wala sikukushika hata bega. Nilikwenda nje kununua chai, nikakaa huko mpaka ikapoa.

Mama hakurudi kwetu. Alipotoka hospitali alisema anataka Matembwe, kwa baba yako mdogo, na sikuwa na uso wa kumkatalia. Tulikuwa tunakwenda kumwona, unakumbuka, na kila nilipofika nilimsalimia kikwetu, kamwene, naye ananiitikia vizuri. Halafu namuuliza anajisikiaje. Hapo ananyoosha mgongo, ananitazama, na kunijibu kwa Kiingereza. "Very good."

Ndilo neno pekee alilowahi kujifunza. Sijui alilisikia kupitia ukutani au ulimfundisha wewe, na sikuombi unieleze. Mwanzoni nilicheka, nikadhani ananitania. Labda alinitania kweli, alikuwa na utani wake. Ila nilipomuuliza kwa Kibena, mama, sema kweli, tumbo je, miguu je, alirudia lile lile, very good, kisha anaanza kuulizia bei ya mbao. Watu wa pale walijua anapoumwa. Jirani alijua, na baba yako mdogo pia. Mimi nilipewa ile moja tu. Alifariki mwaka uliofuata, na sijui hata alikuwa anaumwa nini. Nilisoma wasifu wake kanisani, Kiswahili sanifu, kila mtu akanisifu.

Kibao cha pili nilikivunja tulipotoka Ikonda. Meza ya Kiingereza ikafa yenyewe, hakuna aliyeitangaza. Lakini wewe ulikuwa umeshajifunza, mama. Tangu siku ile nikikuuliza shule ikoje, "Nzuri, baba." Nikikuuliza afya, "Nzuri." Ulipokosa nafasi ya chuo mara ya kwanza ulijifungia siku nzima, nikagonga mlango nikakuuliza vipi, ukasema niko vizuri. Huwa unanijibu kwa adabu zote, sauti ya chini, kama anayejibu mwalimu. Na mama yako unamweleza kila kitu. Nimekuwa nikisimama ukumbini nikiwasikia jikoni, na nikiingia mnaongelea mboga.

Nimeona nikiri pia hili: nilijua, na nilikubali. Kusikia "nzuri" ni kazi nyepesi. Mtu anapata heshima yake na anaendelea na magazeti.

Sasa unakwenda Mwanza kusomea uuguzi, na nadhani najua ulikotoa wazo hilo, ingawa kwenye barua ya maombi uliandika kitu kingine. Nilikusahihishia barua ile. Nilibadilisha sick nikaweka ill, nikajiona nimesaidia. Huko utakutana na maneno haya tena, ache na pain na sore, na utatakiwa uchague, na mimi ni mwalimu, siwezi kukuambia usichague vizuri. Karatasi ya mgonjwa isome sawasawa. Ila wewe hilo la kuinama kwanza mpaka usawa wa mtu huhitaji kufundishwa na mimi. Ulilijua ukiwa na miaka tisa, ulipokuwa unakaa jikoni na bibi.

Nina jambo moja la maneno limenisumbua tangu mchana. Nilitaka kukuomba msamaha kwa Kiingereza, mazoea, nikaanza kuchagua. Regret mtu anaweza kuwa nayo peke yake chumbani, na mimi ninayo miaka kumi, haijamsaidia yeyote. Sorry unaweza kuisema hata kwa mtu aliyejikwaa. Apologize inataka mtu mwingine awe amesimama mbele yako, anakutazama, na anaweza kukukatalia. Nikaona hilo ndilo lenyewe, na ndilo ambalo sijawahi kulifanya, kwa mama yangu wala kwako. Na barua hii bado si hilo. Barua ni kuongea na mtu aliyekwenda kwaya.

Kwa hiyo naiweka kalamu. Nakusikia getini, unamsalimia jirani. Barua nitakupa kesho, uisome njiani ukitaka. Leo sitakaa mezani. Nitakuja jikoni, kwenye kile kigoda cha bibi yako ambacho mama yako amekataa kukitoa, na nitakuomba radhi hapo hapo mbele ya masufuria, kwa Kibena, na nikikosea neno mnisahihishe.

La mvua sitakulazimisha. Kama unaogopa kwenda, au hutaki kwenda, au kuna kitu kingine ambacho sijui hata kukikisia, unaweza kuniambia leo, au kesho, au ukiwa Mwanza katikati ya wiki. Sema kwa lugha yoyote, na useme vibaya, anzia katikati, changanya. Nitakuja nawe hadi Makambako, nitabeba lile sanduku kubwa, na kabla hujapanda basi nitakuuliza, kama kila mzazi pale stendi, "Habari yako, mama?"

Usinijibu nzuri.

Baba yako